Pindo la Vidole Vinne

Bi Mwanamkasi wa mtaa wa Mabawa hakuwa na ugomvi na mtu yeyote hapa duniani, ila alikuwa na ugomvi na nguo isiyo na pindo. Umpe gauni la mtoto, hatatazama maua wala lesi. Ataligeuza nje ndani, atapima pindo kwa vidole, na akikuta limekunjwa kidogo tu la kuficha uzi, atakurudishia bila kusema asante. Nguo ya mtoto, kwake yeye, ni vidole vinne vya pindo chini, vidole viwili vya mshono kila ubavu, na mpira wa kiunoni unaofumulika bila kuichana nguo. Pungufu ya hapo umemshonea mwanasesere.

Na jambo hili alikuwa amelifikiri sawasawa, asikudanganye mtu. Mjukuu wake Sabra, aliyekuwa akimlea tangu mama yake aende kufanya kazi Maskati, alikuwa na nguo tisa. Hazikuwa kumi. Mbili za shule, moja ya chuo cha Kurani, mbili za kutokea, tatu za kushindia, moja ya kulalia. Kila shule zinapofungwa, kabati lilimwagwa kitandani, Sabra akasimamishwa kwenye mwanga wa mlango, akavalishwa moja baada ya nyingine. Iliyopanda ilifumuliwa pindo. Iliyobana kwapani iliongezwa kipande. Iliyochoka kutokea ikawa ya kushindia, ya kushindia ikawa ya kulalia, ya kulalia ikawa foronya, na foronya ikimaliza siku zake ikawa kitambaa cha kuepulia sufuria. Hakuna nguo iliyoingia kabatini bila kujulikana inashika nafasi ya ipi. Wanawake wa mtaani walicheka, wakasema Bi Mwanamkasi anahamisha nguo vituo kama serikali inavyohamisha walimu. Wacha wacheke. Hao hao ndio waliokuwa wakimjia na mifuko ya nguo mpya zisizowaingia tena watoto wao, wakimwuliza, shoga, hizi nizifanyeje?

Sasa utashangaa, mwanamke hodari namna hiyo alijitiaje katika balaa. Alijitia kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa nia njema.

Hasina, bintiye, alikuwa ameondoka Sabra ana miaka sita. Mwaka wa kwanza alituma boksi. Ndani yake magauni manne, mazuri ya kutosha kumliza mtu, na yote madogo. Hasina alikuwa amekwenda dukani akasema mtoto wangu ana miaka saba, akapewa ya miaka saba. Lakini Sabra alirefuka kwa ukoo wa babake, yule Uweso aliyekuwa akiinama kila akiingia mlangoni, ambaye siku hizi anainamia milango ya mke mwingine huko Pangani. Gauni la kwanza lilikwama mabegani. La pili lilifika magotini.

Jioni hiyo simu ikalia. "Mama, nguo zimemtosha mtoto?"

Bi Mwanamkasi alikuwa amelelewa Tongoni na mama ambaye angekufinya paja ukiipa kasoro zawadi ya mtu. Ukiletewa, unashukuru, isipokutosha, hiyo ni siri yako na sanduku lako. Na tena alimfikiria mwanawe, peke yake katika nyumba ya watu, amesimama dukani akichagua magauni manne siku yake moja ya mapumziko. Angemwambiaje? Akasema, "Zimemkaa kana kwamba alipimwa."

Kisha akakata simu, akachukua wembe, akafumua magauni yote manne. Siku ya tatu yalikuwa magauni mawili, mapana, marefu, maua ya moja yakiwa mikono ya lingine, na ukiyaona usingesema yalizaliwa mbalimbali. Sabra alipigwa picha amevaa, mtandio umefunika maungio, peke yake ukutani, bila mtu wa kusimama naye urefu ukaonekana. Picha ikaenda Maskati. Hasina akajibu kwa sauti ya kicheko: "Mwanangu ana umbo dogo kama mimi, nilijua tu. Namba ile ile nimeishika kichwani."

Akaishika kweli. Mwaka wa pili akaongeza namba moja tu, kwa tahadhari, na mwaka wa tatu moja nyingine. Kila boksi lilipofika lilikuta mtoto amezidi kulikimbia, na kila mara Bi Mwanamkasi alifumua, akaunga, akapiga pasi, akasema zimemkaa. Alijua anasema uongo. Lakini pia, tuseme kweli, alijivunia ile kazi. Katika magauni kumi na mawili ya Maskati hakutupa hata kipande cha kufutia vumbi.

Balaa lilikuja kwa simu, siku Sabra alipobakisha juzuu mbili kuhitimu msahafu. Alikuwa na miaka tisa na nusu, na mwalimu wa chuoni alikuwa amekwisha kutaja Ijumaa ya kusomeshwa mbele ya watu.

"Mama, nakuja," akasema Hasina. "Nimepewa likizo mwezi mzima. Usimshonee chochote. Nimetushonea sare, mimi na yeye, kijani, zimetiwa darizi kifuani. Nimempa fundi gauni la namba ile ile inayomkaa, amepima humo humo. Nataka watu wa Mabawa watuone."

Bi Mwanamkasi akasema, "Alhamdulillahi," na mguu wake ukawa unakanyaga cherehani isiyo na nguo.

Wiki tatu alizunguka na lile neno. Alilishika asubuhi, akalimeza adhuhuri. Mara mbili alipiga simu ili aseme, na mara mbili Hasina alipokea akiwa na furaha, akamweleza rangi ya nyuzi za darizi, na yeye akaishia kuuliza habari za joto la huko. Jirani yake Kijakazi, mwanamke wa kuongea na ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kulitia mkono, alimkuta uani amejiinamia.

"Mwenzangu, we si fundi?" akasema Kijakazi. "Fumua huo uongo kama unavyofumua nguo."

"Nguo inarudi ilivyokuwa."

"Basi Ijumaa mtoto atavaa kola peke yake." Akacheka mwenyewe mpaka kanga ikamvuka. Bi Mwanamkasi hakucheka. Alichokiogopa hakikuwa gauni. Aliogopa siku bintiye atakapojua kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akimvika mtoto ambaye hayupo, na aliyemfanyia hivyo ni mamake.

Sabra mwenyewe alisema, "Bibi, nitajibana. Nitapumua kidogo kidogo."

"Utasoma sura ndefu namna ile kwa kupumua kidogo kidogo?"

"Nitajaribu."

Hapo ndipo Bi Mwanamkasi alipoingia chumbani, akafunga mlango, akalia.

Hasina alifika Jumanne saa kumi alasiri. Bajaji ikasimama mlangoni, akateremka na buibui lake la Maskati, na kabla hata ya kushusha mabegi alimwona mtoto amesimama barazani. Akafanya kitu ambacho Bi Mwanamkasi hatakisahau. Alichuchumaa. Alichuchumaa pale pale vumbini na kufungua mikono, kama alivyozoea kumpokea akitoka kucheza. Sabra alimkimbilia, akafika, akasimama, maana mikono ya mama ilikuwa inamkumbata magotini.

Hasina aliinua uso, akainua tena. Kisha akanyanyuka taratibu, na alipokuwa amesimama wima kipaji cha uso wa mtoto kilikuwa mdomoni pake.

"Mashallah," akasema. Akasema tena mashallah. Akamshika mabega, akamgeuza, akambusu, akacheka na kulia pamoja, na majirani waliokuwa wametoka kutazama wakalia pia kwa kumfuata. Bi Mwanamkasi alipokea shikamoo ya bintiye, akaitikia marahaba mwanangu, akamkumbatia. Sasa atauliza, aliwaza. Sasa ataniuliza.

Hakuuliza. Mabegi yalifunguliwa usiku huo, zikatoka sabuni, halua, manukato, kitenge cha mama, saa ya mtoto. Begi moja dogo la kijivu lilisukumwa chini ya kitanda likabaki na kufuli lake. Jumatano likabaki. Hasina alikula, alicheka, alimsuka mtoto nywele, akazungumza habari zote za Maskati isipokuwa habari za sare ya kijani. Na Bi Mwanamkasi, aliyekuwa akilitazama lile begi kila akipita na ufagio, akaelewa. Bintiye naye analificha. Ameona aibu, akaamua kuimeza, asimwudhi mama wala kumhuzunisha mtoto. Alikuwa amemlea vizuri mno. Walikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, kila mmoja anamsitiri mwenzake, na Ijumaa inakuja.

Alhamisi baada ya adhuhuri, Bi Mwanamkasi akakata shauri. Alifungua kabati, akalimwaga kitandani kama alivyokuwa akifanya kila likizo, nguo tisa zote, akamwita Hasina.

"Kaa," akasema. "Zitazame."

Hasina akakaa. Akachukua gauni la kushindia, akaligeuza mkononi. Akachukua la kutokea. Akalirudia la kwanza. Kidole chake kikafuata mshono wa kifuani, pale kitambaa cha maua mekundu kilipoungana na cha mistari.

"Haya maua nayajua," akasema polepole. "Haya ni ya mwaka wa kwanza. Na hii mistari ni ya boksi la pili." Akavuta gauni la kulalia. "Hii mikono ilikuwa na vipepeo."

"Vipepeo viko foronyani. Hakuna nilichotupa, Hasina. Hata vifungo ninavyo vyote." Akaketi kando yake. "Hakuna hata moja lililomtosha. Tangu la kwanza. Nilikwambia uongo miaka mitatu."

Nje Kijakazi alikuwa anatwanga kitu, akaacha, maana ana masikio marefu.

"Kwa nini, mama?"

"Niliona haya. Niliona utavunjika moyo, uko mbali, huna wa kukubembeleza."

Hasina aliliweka gauni mapajani na kulilainisha kwa kiganja. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ningejua amerefuka ningefurahi," akasema. "Ningewaambia wenzangu kule jikoni, mwanangu amenipita kifua, mwanangu sasa amenifika mdomoni. Kila mtu anazungumza mwanawe anavyokua, mama. Mimi nilikuwa nasema wangu ni mdogo. Miaka mitatu nasema wangu ni mdogo."

Katika maisha yake yote ya kupunguza na kuongeza Bi Mwanamkasi hakujua kwamba alikuwa amekata mahali pabaya namna hiyo. Alisema tu, "Nisamehe, mwanangu," na ni neno ambalo mama wa pwani halisemi kwa mtoto wake mara nyingi.

Hasina akainama, akavuta begi la kijivu chini ya kitanda, akafungua kufuli.

Sare zilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Kijani kilichoiva, darizi ya nyuzi za dhahabu kuanzia shingoni mpaka kitovuni. Moja ya mtu mzima, moja ya kitoto. Bi Mwanamkasi alilishika lile dogo, akaligeuza nje ndani kwa mazoea, na uso ukamwanguka. Fundi wa Maskati hakuacha kitu. Mshono mwembamba, pindo la kuficha uzi. Hapa hata yeye hakuwa na la kufanya. Akaligeuza tena, akalipima tena, kama vile vidole vingeongezeka.

"Bibi," akasema Sabra, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kuonekana. "Mbona unahangaika na dogo? Chukua la mama."

Wote wawili wakamgeukia.

"La mama ni kubwa," akasema mtoto, akiingia na kulishika gauni la pili kwa namna ya mtu aliyekulia chini ya cherehani. "Kubwa linapungua. Tulikunje ubavuni, tusikate. Na chini tulipige mikunjo mitatu kwa nje, ionekane kama pambo. Mwakani tunafumua mmoja."

Bi Mwanamkasi alimtazama mjukuu wake. Miaka mitatu alidhani mtoto husimama pale kupimwa tu, akiota mambo yake. Kumbe alikuwa anasoma. Raha iliyompanda mwanamke yule hakuijua tangu ajifunze kutunga uzi sindanoni, na hakuificha. "Umemsikia?" akamwambia Hasina. "Umemsikia huyu? Mimi mwenyewe sikuliona."

"Lakini lile ni lako, mama," Sabra akamwambia mamake, akiwa ameshtuka sasa kwa alichokisema. "Wewe utavaa nini kesho?"

"Nitavaa dera la bibi yako," akasema Hasina. Alikuwa amekwisha kuvua bangili na kuziweka dirishani. "Nipe futi. Nampima mimi."

Sasa ujue kwamba Hasina, tangu usichana wake, aliikimbia cherehani kwa miguu yote miwili. Alisema kelele yake inamwumiza kichwa. Alhamisi hiyo alipiga magoti mbele ya mwanawe akiwa na futi na kipande cha chaki, akampima bega, akampima kifua, akampima kiuno, akakosea, akarudia. Bi Mwanamkasi aliketi juu ya kiti akimwelekeza, na ilimbidi ashike mikono yake isimpokonye. Bega mpaka fundo la mguu Hasina alipima mara tatu. Mara ya tatu hakuwa anahakikisha kitu. Alikuwa anapita tu na ule utepe, chini juu, juu chini, na mtoto alitulia akamwacha.

Walishona mpaka magharibi. Ubavu ulikunjwa bila mkasi kugusa kitambaa. Mikunjo mitatu ilipigwa chini, na Bi Mwanamkasi alipotaka kuishona yeye, kwa vile mstari wa Hasina ulikuwa unakwenda upande, bintiye alisema, "Wacha uende upande. Mwakani nitaufumua mwenyewe. Nimekwisha kuwaambia kule Maskati sitazidisha mwaka mmoja tena." Aliyasema hayo akiwa na pini mdomoni, hakuinua hata kichwa, na mamake akampisha.

Lile gauni dogo lilikwenda ng'ambo ya ua, kwa mjukuu wa Kijakazi mwenye miaka minane, ambaye lilimwenea bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kijakazi alishukuru mara tano. Hilo ni jambo jipya kwake.

Ijumaa baada ya sala, ua wa chuoni ulijaa wanawake. Sabra alitoka na kijani chake na mtandio mweupe, mikunjo mitatu ikizunguka chini ya gauni, mmoja umekwenda upande kidogo. Wengine wakanong'onezana ni mshono gani huo, utakuwa wa Uarabuni. Alikaa mbele ya mwalimu, akafungua msahafu, akasoma. Alisoma kwa pumzi ndefu, hakukwama, hakurudia, na sauti ilifika mpaka kwa waliokosa nafasi wakasimama nje ya ukuta. Bi Mwanamkasi hakujua atazame wapi, gauni au mdomo wa mtoto. Alijaa. Alisema moyoni kwamba hata akifa kesho wamzike na futi yake.

Kando yake, Hasina alikuwa amevaa dera la mamake lililofuliwa mara mia. Hakuwa akimtazama Sabra. Alikuwa anamtazama mjukuu wa Kijakazi, aliyekuwa ameketi mkekani mstari wa mbele na lile gauni dogo la darizi, akichezea vidole vya miguu. Alimtazama muda mrefu. Bi Mwanamkasi aliona, akajua bintiye anamwona yule mtoto ambaye hayupo, na uchungu ukamrudia.

Mara mwanamke mmoja wa Usagara, mgeni, akamwinamia Hasina. "Yule anayesoma ni wa nani, mwenzangu? Watu wanasema ana miaka tisa. Mimi siamini, mrefu vile."

Hasina akageuza uso kutoka mkekani, akamtazama mwanawe. Mgongo ukamnyooka ndani ya lile dera kuukuu.

"Ni wangu," akasema, na hakunong'ona. "Bega mpaka fundo la mguu, inchi arobaini na tatu. Nimempima mwenyewe."